Njiwa Waliozibwa Pua

Kwenye tramu ya mji wa Ghent, mbele yangu walikaa mzee Wannes na mama Lieselot, tenga la njiwa likiwa katikati yao. Wote ni wanasayansi. Wannes anaamini njiwa hurudi nyumbani kwa kunusa. Lieselot anashikilia kuwa huongozwa na sumaku ya dunia. Wametukanana kwenye majarida miaka tisa, na sasa wanafanya utafiti mmoja.

"Tuliowaziba pua walipotea wote," alisema mama. "Umeshinda, mzee. Mbona umenuna?"

"Jana niligundua walisafirishwa juu ya spika ya gari. Spika ina sumaku. Huenda ndiyo iliyowavuruga, si pua."

"Mimi hata sikuliona hilo."

"Si kazi yako. Tuliandikiana kila mtu atafute kasoro pale anaposhinda yeye."

Nyumbani kwangu mkataba huo usingefika chakula cha jioni.

"Ndiyo maana leo nimewaleta hawa wengine kwa tramu," aliendelea mzee. "Nao nimewaziba pua. Utaona watakavyopotea."

"Ndoto zako hizo. Watafika kabla yetu." Kisha mama akatazama sakafu iliyokuwa ikinguruma. "Lakini tramu ina mota, Wannes, na mota ina sumaku."

Mzee alifumba macho.

"Wakipotea, nitakuwa na kisingizio," alisema mama. "Sikitaki. Inuka."

Tramu ikasimama. Wakashuka kwenye mvua, vituo vinne kabla ya kituo chao, wamelishika tenga huku na huku, wakibishana.