Mtu wa Pili kwenye Mnara wa Moto

Mgeni rasmi, Mama Marlène, mkuu wetu wa mazingira, pamoja na wote ulioongozana nao:

KARIBU
Pole na mlima. Umepanda saa mbili kwa miguu, na viatu hivyo si vya kazi hii. Kutoka hapa juu unaona mabati ya mtaa wa Panda, Likasi yote, hadi machimbo meupe ya Kakontwe. Angalia taratibu, hakuna anayekufukuza.

TULIKOTOKA
Tulianza walinzi wanne. Kazi yetu ni kutafuta moshi wakati wa kiangazi na kuwapigia simu wazimaji walio bondeni. Berthe alihamia Lubumbashi kwa mwanawe. Mathieu tulimzika mwaka jana. Tshimanga alienda kuchimba shaba. Amebaki Athanase, huyu anayesoma. Tunasema "sisi" kwa sababu risala huandikwa hivyo.

TULIYOFANYA
Kiangazi hiki tumeona mioto kumi na mmoja, na hakuna nyumba iliyoungua. Baadhi ya Jumapili vijana hupanda kutazama mandhari. Wanapiga picha, wanasema bonjour, wanashuka.

KOSA LETU
Mwezi wa nane zilipita siku kumi na tisa bila mtu kufika. Siku ya ishirini tulipiga simu kwamba kuna moto. Tulijua ni moshi wa tanuri za chokaa, tunaouona kila siku. Watu saba walipanda mbio waonyeshwe ulipo, matawi mabichi ya kupigia moto mkononi.

"Papa Athanase, moto iko wapi?" aliuliza Carlos, mkubwa wa wazimaji.

"Mwikale kwanza, mukunywe mayi."

Walikaa karibu saa nzima, tukacheka sana. Kisha Carlos akaangalia zile tanuri, akaelewa, akawashusha watu wake.

Wiki mbili baadaye moto ulikuwa wa kweli. Tulipopiga simu alijibu: "Weye unatafuta tu bantu ya kusema nabo." Walichelewa, na shamba lote la mihogo la Mama Jenny likaungua. Tunaona haya mpaka leo.

OMBI
Hatuombi mabati wala darubini. Upweke umetushinda, tunaomba mtu wa pili. Si lazima awe fundi, ila awe anaongea. Wakipiga simu wawili, Carlos ataamini. Kama mtu huyo hapatikani, basi utushushe sisi, uweke mwingine, maana mashamba ya watu hayawezi kumtegemea mlinzi asiyeaminika.

Mungu akufikishe chini salama, Mama, lakini asikuharakishe. Chai iko tayari.

Ni sisi,
Walinzi wa Mnara wa Moto, Panda.