Picha Tatu za Kongosho: Maisha ya Dokta Rosaura Yuquilema

Ndugu na majirani mliofika, familia imenituma mimi Segundo, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, nanyi mnivumilie, maana wiki nzima hatujalala.

Dokta Rosaura Yuquilema alizaliwa hapa milimani Guamote tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa mzee Belisario na mama Petrona, wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari kwa masista Riobamba, kisha udaktari Quito hadi 1983, na mwaka 1988 akahitimu ubingwa wa kusoma picha za mwili.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na mwalimu Wilfrido Cazco, wakajaliwa Elvia na Rolando.

Katika hospitali alikotumika miaka thelathini na mmoja, kuanzia 2006 hadi 2014 aliwafuatilia wagonjwa 212 wenye uvimbe kwenye kongosho, kila mmoja akipigwa picha tatu, CT ya eksirei, MRI ya sumaku, na ultrasaundi inayoteremshwa kwa mpira kupitia kooni, naye akisoma kila picha peke yake bila kuchungulia nyingine, kisha akilinganisha na alichokikuta mpasuaji.

Mwaka 2009 aliletwa Delfina Paucar, muuza nguruwe wa kuoka sokoni, ultrasaundi ikasema uvimbe wake hauna madhara, MRI haikutoa jibu, CT ikaonyesha kama saratani, dada akaiamini CT, Delfina akakatwa nusu ya kongosho, na maabara ikakuta maji matupu, naye tangu hapo akawa mgonjwa wa sukari. Utafiti ulipokamilika, mwenzake alimshauri, "Rosaura, mfute huyo mmoja, matokeo yatapendeza." Akajibu, "Huyo mmoja anajichoma sindano kila asubuhi. Simfuti."

Akaenda mwenyewe sokoni kumweleza. Delfina akashika kiuno, "Miaka mitano nakuombea kwa kuniokoa, leo unakuja kuniambia hukuniokoa?" Dada machozi yakamtoka. Delfina akamsogezea kigoda, "Haya, kaa ule, Dokta. Umechoka kuliko mimi."

Tangu mwaka huo wa 2014 hospitalini hapo hakuna aliyepasuliwa kongosho kwa ushahidi wa picha moja.

Februari 2024 macho yake yaligeuka manjano, mgongo ukauma, CT haikuona kitu, ultrasaundi ikaona saratani ndogo kwenye kongosho iliyokwisha kushika mishipa, na madaktari walipotaka MRI pia, alisema, "Inatosha, wanangu. Naomba supu ya viazi." Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, Wilfrido akimshika miguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika bila kuombwa, wenzake wa kazi, na wagonjwa wale waliokubali kulazwa kwenye mashine mara tatu tatu, ambao wengi wao wametangulia.

Dada, umechoka vya kutosha. Pumzika kwa amani.