Mama Kitalu na Mianzi Iliyochanua

Marehemu shangazi yetu, aliyejulikana na wengi kama Mama Kitalu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika chumba kilichotazamana na kiwanda cha matofali. Alisoma hadi darasa la saba. Mwenyewe alitusimulia kwamba alitolewa darasani mara mbili kwa kuja na mifuko ya sare imejaa udongo.

Mwaka 1974 aliajiriwa kumwagilia bustani ya manispaa. Mkuu wake alipostaafu mwaka 1985 alimwachia kipande cha mzizi wa mwanzi wa dhahabu, aina adimu yenye shina la manjano na mchirizi mmoja wa kijani kila pingili. Alimwonya, "Mwanangu, huu ukichanua unakufa, na watoto wake wote, popote walipo, wanakufa nao." Kwa kipande hicho alianzisha kitalu, akauza miche kwenye hoteli, zahanati na shule.

Alifunga ndoa mwaka 1981 na fundi bomba aliyerudi mara tatu kutengeneza bomba lisilovuja. Walijaliwa watoto wawili.

Februari mwaka huu, mtunza bustani wa hoteli alimpigia simu. "Mama, mianzi imetoa maua! Wageni wanapiga picha." Marehemu alikaa chini. Wiki hiyohiyo zahanati nayo ikapiga. Tayari alikuwa anakohoa, lakini kila tulipomtaka akapimwe alisema ana kazi. Aliwapigia wateja: "Ikateni ingali mibichi. Ikikauka itawaka kama petroli." Wengi walicheka. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alimjibu kwamba ua ule wa mianzi ndio sura ya shule.

Tarehe 3 Agosti alikwenda mwenyewe shuleni na msumeno. Alikata siku nne, wanafunzi wakimtazama madirishani. Tarehe 8 alilazwa. Ilikuwa saratani ya mapafu. Tarehe 21 mianzi ya hoteli iliwaka, na paa la jikoni likaenda nayo. Kesho yake mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa wodi. Marehemu alimuuliza tu, "Na majani makavu, mmeyazoa?"

Alifariki tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu sita na dada mmoja.

Wateja wake kumi na wanne bado hatujawapata. Orodha ya anwani iko mezani, karibu na mlango. Tafadhali isome kabla hujaondoka. Ukiona mahali unapopajua, tuambie leo.

Mungu ampe pumziko alilojinyima.