Funua Shuka

Mbele yangu kwenye basi walikaa fundi cherehani na mama yake mzazi, bibi kizee aliyeegemea dirisha huku amefumba macho. Fundi alimwambia kondakta awashushe kwenye makao ya wazee. Mwanamume wa kiti cha jirani akageuka.

"Samahani, dada. Baba yangu alikuwa pale. Tumemzika juzi."

"Pole sana, kaka. Mimi nilipaona pasafi, sakafu inang'aa."

"Sakafu wanaipiga deki kila siku. Baba hawakumgeuza kitandani mpaka mgongo ukaoza. Tukienda kumwona, tunamkuta kafunikwa vizuri. Ukija kumtazama mama, funua shuka."

Fundi akasema kwa sauti ya chini, "Nikimwacha peke yake anawasha jiko na kulisahau. Majuzi nusura aungue. Nami nisiposhona hatuli. Wewe ungefanyaje?"

Mwanamume aligeuka, akatazama mbele. Kushauri ni kazi nyepesi mpaka uulizwe swali.

Basi likasimama. "Makao ya wazee!" kondakta akaita. Fundi hakuinuka. Bibi, niliyedhani amelala, alifumbua macho akamshika mkono.

"Haya mwanangu, tushuke. Watu wana safari zao."