Bartolomayo Madeha, Mkalimani Aliyesema "Sishuki"

Marehemu Bartolomayo Lameck Madeha alizaliwa Mvumi, wilaya ya Chamwino, tarehe 14 Machi 1993, akiwa kitinda mimba wa Mzee Lameck na marehemu Anna. Alisoma hukohuko hadi sekondari, kisha chuo kikuu hapa Dodoma, alikojifunza Kichina. Akija likizo aliwasalimia ng'ombe kwa Kichina, na baba akawa anasema, "Hawa wataacha kutoa maziwa."

Mwaka 2019 aliajiriwa kuwa mkalimani katika machimbo ya kokoto ya kampuni ya Kichina nje ya Ihumwa. Tarehe 5 Juni 2021 alifunga ndoa na Jenifa, wakapanga Ipagala.

Februari mwaka huu mvua zilitia ufa ukuta wa shimo, na wachimbaji wakakataa kushuka. Bartolomayo alikuwa na Kichina cha mashine na mafuta. Cha mgomo hakuwa nacho. Akaanza kukisoma kwa sauti mezani nyumbani: bagong, yaani kugoma; weixian, yaani hatari.

"Baba Generosa, maneno hayo yananitisha," Jenifa alimwambia.

"Yakinipungukia mbele ya meneja, watu watashuka," akajibu.

Kikaoni na meneja alifanya kama wakalimani wote wanavyofanya. Mchimbaji akisema "mimi sishuki", naye alisema vilevile, "mimi sishuki". Walizungumza wengi, lakini Kichina chote kilitoka kinywani mwake. Meneja akaona mgomo ni wa mtu mmoja. Sisi familia jambo hili linatuuma, na hatutalificha.

Marehemu hakuugua. Asubuhi ya tarehe 3 Machi meneja alimwambia, "Wewe unayesema kuna hatari, shuka ukatuonyeshe." Alishuka kuuonyesha ufa, ukuta ukamwangukia. Alifariki hospitalini jioni ileile.

Kazi inarudi Jumatatu, upande wa pili wa shimo lilelile, nako ufa umeshaonekana. Mkalimani mpya anasema maneno ya mgomo hayajui, wala hataki kuyajua. Lakini Jenifa aliyasikia sana pale mezani, hayajamtoka. Tangu juzi, hapa msibani, anawafundisha wachimbaji, na kila mmoja atayasema kwa kinywa chake. Meneja, umekuja kuzika nasi na tumekupa kiti. Jumatatu usimtafute wa kumshusha peke yake.

Marehemu ameacha mjane, Jenifa, watoto wawili, Generosa na Joel, baba yake, dada yake, mimi Emilia ninayesoma wasifu huu, na wenzake wa shimoni, ambao hadi leo wako hai.

Mungu ampe mdogo wangu amani aliyoikosa kazini.