Benchi la Nyuma Katika Kanisa Jipya

Mheshimiwa Askofu, Bwana Chifu, Mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wa kanisa, wageni wetu mliotoka Machakos mjini na barabara yetu mmeionja wenyewe, akina mama wenzangu, na ninyi watoto mlioketi kwenye nyasi kwa sababu viti vimekwisha: Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena.

Mimi ni Kamanthe, mama Syombua, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hili la Ndithini, na leo naacha kiti hicho. Kwenye ratiba nimepangiwa kuaga na kushukuru. Kushukuru nitashukuru. Lakini sikuja na furaha, na nimechoka kuivaa kila Jumapili kama kitambaa cha kichwa.

Tazameni ukuta huu. Mvua za El Nino zilipoangusha kanisa letu la udongo, mlisali kwa machozi mpate la mawe, na Mungu akawapa. Ni nani aliyeyachonga mawe haya? Askofu, hukuambiwa, kwa hiyo nakuambia mimi: ni mume wangu Muindi, fundi wa machimbo ya Lukenya, aliyekuja likizoni akapiga tindo hapa juani mpaka macho yakawa mekundu kwa vumbi. Na kwa nini hayupo kwenye sherehe? Hilo ndilo nililosimama kulisema.

Muindi mnamjua. Alikuwa mlevi na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mimi naujua wepesi huo kuliko ninyi. Kisha akaanza kuja kanisani. Hapa kwetu mtu akija husimamishwa atoe ushuhuda, na ushuhuda sharti uwe na siku: siku fulani niliokoka, na tangu hiyo nikaacha yote. Muindi alisimama, akakuna kichwa, akasema, "Mimi siku sina. Nimeanza tu." Mkacheka. Mama mmoja akaninong'oneza, "Mama Syombua, huyu wako bado hajaiva."

Lakini alikuwa ameanza kweli. Kwanza ngumi zilikoma, matusi yakabaki. Kisha matusi yakapungua, akawa akija amelewa anapita kimya na kulala. Kisha Jumapili ikawa haina pombe, halafu na Jumamosi. Kuna asubuhi alimwita msichana wetu akamwambia, "Syombua, jana nilikujibu vibaya. Unisamehe." Mtoto akanitazama mimi, maana katika nyumba ile baba hakuwahi kumwomba mtoto msamaha. Ndugu zangu, kama huo si utakatifu unaokua, basi hukua vipi? Huota usiku mmoja kama uyoga?

Ninawasifu wazee wetu wa kanisa, na Mzee Justus, mwenyekiti wao, namsifu mbele yao wote: mko macho. Mtu akianguka, Jumapili haijafika mmeshajua, na mtu huyo anapelekwa benchi la nyuma, hashiriki Meza ya Bwana, wala hapewi mkono mlangoni. Muindi amelikalia benchi lile mpaka nikadhani ni lake. Alipokuwa akianguka mlimwona. Alipokuwa akiinuka, macho hayo mazuri yalikuwa yakitazama wapi?

Mwezi wa nne, nduguye alipeleka mbuzi za ntheo ukweni. Mnajua mambo ya posa: kibuyu cha pombe kinazunguka, na ukikikataa umewatukana wakwe. Muindi akanywa. Hakuna mtu wa kanisa aliyekuwepo. Asubuhi, kabla ya chai, alivaa koti akaniambia, "Mama Syombua, naenda kwa Mchungaji. Nikinyamazia hii, nitarudi kuwa yule wa zamani." Yule wa zamani angeficha, na ningeuliza ningepigwa. Huyu alikwenda mwenyewe, bila kuitwa. Nilibaki jikoni nikilia kwa furaha, nikasema, Mungu wangu, sasa nimeona.

Mchungaji alimpeleka mbele ya wazee, na Mzee Justus akamjibu hivi: "Muindi, wewe kila siku unaanza. Utamaliza lini?" Akarudishwa nyuma, na saruji ya ukuta huu ilikuwa haijakauka.

Alikaa pale Jumapili moja. Jioni aliniambia, "Jiwe likigongwa na mtu ako na haraka linapasuka, halafu anasema jiwe lilikuwa baya." Akatia tindo zake kwenye gunia, akarudi Lukenya. Sasa anakunywa kuanzia asubuhi. Nilimfuata huko. Sikumkuta mume wangu. Nilimkuta yule wa kwanza, na mkono wake wa kwanza. Bandeji hii mnayoiona si ya kuanguka jikoni.

Mtaniambia niombe. Nimeomba. Siku hizi nikipiga magoti maneno hayaji, na nikiinuka sijui nilikuwa na nani. Askofu, nisamehe kuyasema haya siku ya sherehe, lakini sina tumaini kwamba atarudi.

Leo alfajiri, tulipokuwa tukihamishia vitu kanisa hili jipya, nilisimama kando nione kitakachoachwa. Viti ni vipya, mimbari ni mpya, hata sahani za sadaka ni mpya. Lakini benchi la nyuma lilibebwa likaingizwa, likapanguswa vumbi, likawekwa mahali pake karibu na mlango.

Basi nashukuru. Akina mama, mlinibeba nilipochoka, na sitawasahau. Munyiva, mwenyekiti mpya, kiti cha mbele ni chako sasa, na kitambaa chake nimekifua. Mimi nikishuka hapa nakwenda kukaa kwenye benchi lile. Wazee, msijisumbue kutafuta kosa langu. Ni kwamba Muindi, siku akichungulia mlangoni, na siamini kwamba atachungulia, asilikute tupu likimngoja yeye peke yake.

Asanteni kwa kunivumilia. Naomba mnipishe nipite.