Siku Tisini za Ghala la Mwalimu Ruguru

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa kutoka Siakago na wenyeji wetu wa Kibirichia, walimu, wanafunzi wa zamani, na nyote mlioacha kazi zenu leo Ijumaa, tarehe 21 Machi 2025, familia inawaomba msogee mnaposikia vizuri, kwa maana maisha ya Mwalimu Veronicah Ruguru Mbogo yamejaa tarehe, na yeye mwenyewe hangekubali hata moja irukwe. Anayewasomea ni mdogo wake, Njeru, kitinda mimba wa Mzee Mbogo na muuza nafaka wa pale Siakago, na familia imekubaliana asijiite mimi popote katika karatasi hii, kwa sababu haya ni maisha ya dada yake wala si yake. Kuna mahali mbele, hata hivyo, ambapo itabidi atajwe, na mkimwona ametokwa na kijasho chembamba katika baridi hii yenu mjue hata hajafika hapo.

Mwalimu alizaliwa tarehe 4 Juni 1969 karibu na Siakago, mtoto wa pili wa Mzee Mbogo na Mama Celina, katika boma ambalo chakula kilitoka kwenye mtama mvua ikinyesha, na kwenye tanuri la makaa mvua ikikataa. Mama Celina alichoma makaa miaka mingi, akapata kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kaburini, na msimu wa maembe ulipofika matunda yaliiva yote kwa wiki mbili, yakaliwa, yakauzwa, yaliyobaki yakapewa mbuzi. Ruguru, akiwa na Njeru mgongoni, aliuliza kwa nini maembe hayawezi kungoja, akaambiwa aache maneno mengi achote maji.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 na kumaliza la saba mwaka 1982, akaingia sekondari mwaka 1983, akamaliza kidato cha sita mwaka 1988, msichana pekee katika darasa la fizikia, na kuanzia 1989 hadi 1992 akasomea ualimu wa sayansi. Mwezi wa Mei 1992 aliajiriwa kufundisha fizikia na kemia katika shule moja ya sekondari huko Githongo, na hapo ndipo alipoanza mazoea ya kuandika kila jaribio katika daftari lenye jalada gumu, yaliyofaulu kwa kalamu ya buluu na yaliyoharibika kwa kalamu nyekundu, mwenye kosa akitia jina lake mwenyewe chini. Ni huko Githongo pia alikoyaona maganda makavu ya kahawa yakirundikwa na kuchomwa, akajaza gunia moja, akafukia chupa ya uji katikati, akaikuta bado ya moto jioni, na jambo hilo likamkaa kichwani karibu miaka thelathini.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa katika kanisa la hapa Kibirichia na Mutuma, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache kiasi kwamba hata posa alisemewa na mjomba wake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kinya, aliyezaliwa tarehe 8 Novemba 1996, na Mutugi, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2000, ambaye sasa ni fundi wa umeme Meru mjini. Mwaka 2001 Mwalimu alihamishiwa shule ya karibu na nyumbani, na akaanza kuona kwa viazi yale aliyoyaona kwa maembe, kwamba kila mtu anavuna wiki moja, madalali wanajua, na asiyeuza leo kesho kutwa viazi vimeota macho gunia zima.

Januari 2020, akiwa na miaka hamsini, alistaafu mapema, na hapa familia isiwafiche, tulimwona amechanganyikiwa. Alijenga nyuma ya jikoni kibanda cha kuta mbili za matofali ya udongo, katikati akashindilia maganda ya kahawa kutoka Githongo, na juu Mutugi akafunga paneli za jua za kutengeneza barafu mchana, ili usiku barafu hiyo itunze baridi bila betri. Wengi walimshauri anunue jenereta ya dizeli amalize maneno, naye alijibu kila mtu vilevile, “Mimi nililelewa na moshi, sitaki kuzeeka nao.” Ilipobainika kwamba malipo ya kustaafu yanatosha kibanda na wala si ghala, aliuandikia mfuko wa serikali unaosaidia ubunifu wa nishati safi, akakataliwa mwaka 2020 kwa kuwa hakuwa kampuni, akasajili kampuni, akakataliwa tena mwaka 2022.

Ile mara ya pili alikuwa ameambatanisha nakala ya daftari lote, pamoja na kurasa nyekundu, na ni Njeru aliyekuja kutoka Siakago kumwambia azichomoe, kwamba anayeomba kazi hapeleki orodha ya makosa yake. Mwalimu alimmiminia chai kwanza, kisha akasema, “Njeru, hii ni pesa ya kila mtu, hata ya yule mama anauza sukuma pale stage ya matatu. Kama ni pesa yake, hata makosa ni yake kusoma.” Njeru alikunywa chai hiyo amenuna, akarudi kwake akiamini kwamba dada ana kichwa kigumu na hatapata kitu.

Aliomba mara ya tatu, daftari lote likiwa ndani tena, na barua ya kukubaliwa ikaja tarehe 19 Agosti 2024, na masharti yake yalikuwa haya, ambayo tunawaomba myashike kwa sababu ndiyo yaliyotuweka tumbo joto mpaka asubuhi ya leo. Hatua ya kwanza ilikuwa kujenga ghala kamili na kulijaribu siku tisini mfululizo, na kisanduku cha kurekodi joto, kilichofungwa kwa lakiri ya ofisi, kukaa ndani muda wote. Joto lisipite nyuzi sita kwa zaidi ya saa mbili, na likipita, sababu iandikwe daftarini siku hiyohiyo na kutiwa sahihi, asiyeandika anaondolewa moja kwa moja, na aliyeandika anangoja uamuzi wa kamati. Ghala likifaulu, hatua ya pili ya fedha za umma itajenga maghala sita katika eneo letu hili la Buuri, na moja la maembe huko Siakago, ambalo Mwalimu alilichora kabla ya hayo mengine yote.

Oktoba 2024, ukuta wa pili ukiwa umefika kimo cha kiuno, alianza kushindwa kumeza, na tarehe 24 ya mwezi huo, katika hospitali moja mjini Meru, akaambiwa ni kansa ya koo. Kinya aliacha kazi yake Embu akarudi nyumbani, Mutugi akawa analala kwenye vumbi la maganda, na tarehe 23 Desemba 2024 magunia ya mbegu za viazi ya wakulima thelathini na wanane wa hapa yaliingizwa, mlango ukafungwa, na siku ya kwanza ikahesabiwa. Mwalimu alipokea matibabu Nairobi mara nne, na kila aliporudi alipitia ghalani kabla ya kuingia nyumbani, akasoma joto, akaandika. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa mlango ule kuachwa wazi, na hilo alilisema waziwazi, na sisi lilituuma. Tarehe 13 Machi 2025, siku ya themanini na moja, saa tano asubuhi, alituacha kitandani mwake, baada ya kumuuliza Kinya joto la asubuhi na kuambiwa ni nyuzi nne.

Sasa tumefika mahali pa Njeru.

Jumanne wiki hii, tarehe 18, siku ya themanini na sita, jamaa wa Siakago tulifika kwa pikapu mbili, na kwa kuwa kwetu hakuna anayekwenda kumzika binti wa kwao mikono mitupu, Njeru alikuwa amechinja mbuzi wawili alfajiri ili wenyeji wasisumbuke. Gari moja lilipasuka gurudumu baada ya Embu, jua likawa kali, na tulipofika jioni nyama ilikuwa imeanza kumtia wasiwasi, jikoni kumejaa akina mama wa maombi, na nyuma yake kuna nyumba ya baridi. Alifikiri, na alifikiri kwa nia njema kabisa, kwamba dada yake hangekataa nyama ya kwao ikae hapo usiku mmoja. Alibeba masufuria mawili mwenyewe, akayaweka juu ya magunia, akausukuma mlango kwa bega, na hakuona kwamba kamba ya gunia imelala kizingitini na mlango haujafunga sawasawa.

Kinya alipokwenda kusoma joto saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano, alikuta nyuzi kumi na moja. Alipouliza, “Mjomba, ni wewe ulifungua hapa?” Njeru aliona masufuria yake wazi kabisa, akasema masufuria ni yake lakini mlango aliufunga, pengine ni upepo. Mjomba mtu mzima, mwenye duka na wajukuu, alisema ni upepo. Kinya hakubishana naye kwa sababu ya heshima, akatoa nyama, akaifunga kamba, akakaa nje ya mlango ule kwenye ndoo, na kila nusu saa akachungulia kipimo mpaka joto liliposhuka chini ya sita, saa nane mchana. Wachimba kaburi walikula nyama ile wakaisifu sana, na Njeru hakuweza kumeza hata mnofu mmoja.

Alasiri hiyo alipewa kazi ya kuandika historia hii, naye akaomba madaftari ili apate tarehe. Katika daftari la mwisho alikuta ukurasa wa tarehe 30 Januari, siku tatu baada ya dada yake kutoka Nairobi na dawa kali, mwandiko umelegea, wino mwekundu. Umeandikwa hivi: “Nimelala mchana. Nimesahau kufunga tundu la juu. Nyuzi 7, saa moja na nusu. Kosa ni langu. V. Ruguru.” Hata saa mbili hazikutimia. Hakuna aliyemlazimisha kuandika, alikuwa mgonjwa, hakuna ambaye angejua, na aliandika.

Njeru alilia hapo mezani, na hakuona haya. Alitoka akamwita Kinya, akamwambia upepo haukuwapo, akauliza kalamu nyekundu iko wapi, na kabla Kinya hajajibu, Mutuma, shemeji yetu aliyekuwa amekaa pembeni siku sita, aliinuka, akaleta kalamu kutoka mfukoni mwa koti la marehemu, akasema, “Andika sasa, jua halijatua.” Njeru aliandika tarehe 19 Machi, masaa, joto, masufuria na kamba, akatia jina lake kamili.

Afisa wa mfuko ule, Bi Angeline, yuko hapa kati yetu, amekuja kuomboleza na hakuja na faili, lakini amesikia, na tulitaka asikie kwa mdomo wa mwenye kosa kabla hajasoma Jumatatu. Hatujui kamati itasema nini. Inawezekana mbuzi wawili wa Siakago wamekula maghala saba, likiwemo letu wenyewe la maembe, na Njeru anaishi na hofu hiyo tangu Jumatano, wala haombi mtu amwondolee. Tunaomba jambo moja tu, kwamba nyekundu yake isomwe pamoja na buluu zote za dada yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Meru na Nairobi waliomhudumia mpendwa wetu, walimu wenzake wa Githongo na Kibirichia, wanakwaya, majirani mliochota maji na kukesha nasi, wachimba kaburi, na wakulima wale thelathini na wanane mlioacha mbegu zenu ndani huku mvua ya kupanda ikinukia, mkasema mtangoja zitimie tisini. Kesho ndiyo siku ya tisini. Kwa hiyo, akina mama, mnapoandaa chai baada ya mazishi, maziwa yote yakae jikoni, na soda zikae juani, tutazinywa zikiwa moto.

Mwalimu Veronicah Ruguru ameishi miaka hamsini na mitano, miezi tisa na siku tisa. Asubuhi ya leo, saa kumi na mbili, Kinya na Njeru walisoma pamoja nyuzi nne, wakaandika kwa buluu.

Pumzika kwa amani, dada. Mlango tumeufunga, na kamba tumeitazama.